Kigae cha Lucknow

Kila Sadaf alipoandika neno Lucknow, wino ulichuruzika kana kwamba umemwagiwa maji. Maneno mengine kwenye ratiba yao ya safari yalibaki makavu.

"Badilisha kalamu," alisema mama yake, Mehrunnisa. "Ijumaa treni. Jumamosi kaburini kwa bibi yako. Jumapili tule kebabu, tutembee mitaa ya zamani, jioni turudi Nagpur. Siku mbili tu!"

Ghazanfar, baba yake Sadaf, hakuinua macho kwenye chai. "Joto kali huko, Mama Sadaf. Tutakwenda mwakani."

"Mwakani, mwakani! Mama yangu amekufa nikiingoja mwakani yako!"

Papo hapo jiko likanuka udongo uliolowa, na ndani ya ghala kitu kikakwaruza, kra, kra, kama kucha juu ya jiwe. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi.

"Panya," alisema Ghazanfar. Lakini aliinuka, akaufunga mlango wa ghala kwa kitasa.

Tangu hapo, safari ikitajwa tu, mkwaruzo ulianza. Siku ya tatu Sadaf alikuwa akisoma saa za treni, na harufu ile ikapanda mpaka wakaziba pua, na mkwaruzo ukatoka ghalani, ukapita chini ya sakafu, ukapanda mguu wa meza, ukafika kifuani pa Ghazanfar, na humo kifuani, midomo yake ikiwa imefumbwa, sauti nzito ikasema: "Nirudishe."

"Abba?" Sadaf alinong'ona. "Nani huyo?"

Mehrunnisa akamwita Kulsum Apa, mama wa mtaa wa pili ambaye wote walimwita Apa, dada mkubwa, aliyejua kupunga majini. Kulsum Apa alinusa hewa, akauweka ubani wake kando.

"Ulichukua nini, Ghazanfar?"

"Sijachukua kitu, Apa."

"Nijibu mimi. Ukikataa, huyo aliye kifuani mwako atakuuliza mwenyewe."

Ghazanfar akaangua kilio. Aliingia ghalani, akatoa nyuma ya madebe kigae cha buluu. Alikuwa amekibandua kwenye kaburi la kale huko Lucknow wiki ya harusi yao, awaringie rafiki zake.

"Nimekitupa mtoni mara mbili. Kinarudi. Nikaona bora nisikanyage tena Lucknow."

Mehrunnisa alikitazama kigae, kisha akamgeukia mumewe. "Miaka ishirini na mbili unaniambia kwetu Lucknow wambeya, kwetu wachafu! Nikilia, unasema sina adabu. Kumbe mwizi wewe!"

"Kirudishe kwa mkono uleule," alisema Kulsum Apa.

Jumamosi asubuhi, huko Lucknow, Ghazanfar alikisukuma kigae mahali pake kwenye ukuta wa kaburi lile la kale. Kitu kikamdaka kifundo cha mkono, kikamvuta ukutani mpaka shavu likagusa jiwe.

"Mama Sadaf! Nivute!"

Mehrunnisa hakusogea. "Sema ulichofanya. Kwa sauti."

Alisema, watu waliokuja kuzuru kaburi wakisikia. Alipomaliza aliachiwa, akaanguka chali. Harufu ikakatika. Mkononi zilibaki alama nyeusi za vidole sita.

"Yamekwisha," alihema. "Turudi na treni ya leo."

Mehrunnisa alikwisha kumpa mgongo. Alikwenda makaburini, akaketi kando ya kaburi la mama yake. Ghazanfar alisimama langoni, akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Ammi," alisema Sadaf kwa sauti ndogo, "Abba anakuita."

"Namsikia," alijibu Mehrunnisa, akaanza kung'oa magugu, moja moja, taratibu, kama mtu asiye na treni ya kuwahi.