Kati ya Mikono Miwili

Muuguzi alikuwa anakamua shuka pamoja na mama mkwe wake, kila mmoja ameshika ncha yake, shemeji yake alipoingia uani na kusema amefukuzwa kazi.

"Wamesema mimi ndiye niliyemwacha yule fundi koridoni mpaka akafa." Alikuwa akimwambia mama yake, lakini macho yalikuwa kwa muuguzi.

Muuguzi akaendelea kukamua. Maji yakamchuruzikia miguuni.

"Mwanangu," mama mkwe akamgeukia, "wewe si mkubwa huko? Huwezi kumsemea mdogo wa mumeo?"

"Nitajaribu, mama."

Hapo ndipo walipogundua kuwa uani kumetulia mno. Kitinda mimba wa muuguzi, aliyebandikwa jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, hakuwapo.

"Nilidhani yuko na wewe," alisema mama mkwe.

"Na mimi nilidhani yuko na wewe."

Walimkuta kwenye korido ya nyumba, kati ya mlango wa chumba na mlango wa sebule, amelala chali sakafuni, mikono imenyooshwa ubavuni kama mgonjwa juu ya machela. Macho yalikuwa wazi. Palinuka dawa ya kuoshea vidonda, na chini ya harufu hiyo, saruji mbichi.

"Nani kakulaza hapa?"

"Ameniambia nisubiri," mtoto akanong'ona. "Eti kuna mtu anakuja kunichukua."

Hospitalini, muuguzi ndiye aliyekuwa mratibu wa majeruhi. Hakushona wala hakupasua. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha wanaoshona na wanaopasua: kumwita daktari kabla gari la wagonjwa halijafika, kudai damu, kuharakisha picha za eksirei, kuwaambia ndugu ukweli, na kuhakikisha majeruhi hapotei kati ya mkono mmoja na mwingine. Aliwafundisha wote sharti moja. Humwachii mtu mgonjwa mpaka aseme kwa kinywa chake, "Nimempokea." Kutikisa kichwa hakutoshi. "Hata mjusi anatikisa kichwa," alikuwa akiwaambia, nao wanacheka.

Siku jukwaa la ujenzi lilipoporomoka, majeruhi waliletwa kwa mkupuo. Fundi mwashi mmoja alikuwa anaongea, anatania, anaomba maji, na mwenye maneno mengi huonekana mzima. Muuguzi alimwagiza shemeji yake, aliyekuwa mbeba machela, amsukume hadi mlango wa chumba cha picha kisha akimbilie damu ya wengine. Mpiga picha akamtikisia muuguzi kichwa kwa mbali. Simu ikaita, muuguzi akageuka. Fundi alikuwa anavuja damu tumboni kwa ndani. Walipomkumbuka alikuwa ameshapoa, kila upande ukidhani yuko kwa wenzao.

Kwenye kikao muuguzi aliulizwa alimwachia nani. "Nilimkabidhi mbeba machela," akajibu. Haukuwa uongo mtupu, ndiyo maana ulimkaa vizuri mdomoni. Shemeji yake alingoja amalizie. Hakumalizia.

Sasa nyumba yake nayo ikaanza kupoteza mtu kati ya mikono. Baba akimwachia bibi mtoto, bibi akidhani yuko kwa baba, Chiriku alikutwa palepale koridoni, na kila mara alikuwa baridi zaidi na ana maneno machache zaidi. Mchana kweupe lilisikika gurudumu likilia kwii, kwii, likitoka mlango mmoja halifiki wa pili. Na ile alasiri muuguzi alipokuwa peke yake akikunja nguo, akalisikia likija polepole nyuma yake, likapita ubavuni pake bila kitu chochote kuonekana, likasimama, na sauti ya kiume, ya mtu mcheshi aliyekaukwa koo, ikamwuliza karibu kabisa na sikio, "Dada, nimesahauliwa, au bado zamu yangu?", hakukimbia, kwa sababu aliijua sauti ile na aliona haya kuigeuzia mgongo kwa mara ya pili.

Mume wake akamleta mganga, mama mmoja mnene aliyelalamikia ngazi kabla ya kusalimu. Walipoingia, Chiriku alikuwa tena sakafuni, midomo imekuwa ya buluu. Baba yake akamshika kumwinua, akashindwa. Shemeji akaongeza mikono yake. Mtoto wa miaka mitatu, wanaume wawili, hakusogea.

Mganga akanusa hewa, akafunga mkoba wake.

"Hufukizi?" mama mkwe akanong'ona.

"Nifukize nini? Huyu ni jini wa njiani, hula kilichoachwa kati ya mikono miwili. Kuna mtu humu aliachia, akamsingizia mwenzake. Aliyeachia aseme. Asiposema, msiniite tena, mwiteni mchimba kaburi."

Shemeji akainamisha kichwa; hata hapo hakumtaja.

"Ni mimi," muuguzi akasema.

"Sema yote," mganga akamwambia. "Nusu ulishasema."

Akasema yote, amepiga magoti, mbele ya mumewe na mama mkwe: kichwa kilichotikiswa, simu, kikao. Mumewe akamtolea simu yake. Muuguzi akampigia muuguzi mkuu, akarudia yaleyale, akakubali kesho aende na barua yake ya kuacha kazi kama wataitaka, akaomba mbeba machela arudishwe. Akaomba pia aelekezwe kwa mama wa fundi.

Gurudumu likalia, safari hii likavuka korido yote, likatoka nje. Muuguzi akamwinua mwanawe kwa mkono mmoja.

"Nina njaa," Chiriku akasema, "na miguu yangu inawasha, na yule mjomba kaenda, na kwa nini unalia?"

Jioni mama mkwe alipakua mwenyewe. Hakutaka kusaidiwa. Kabla hajaruhusu mtu aonje, aliwaangalia mmoja mmoja mkekani, akiwagusa mabega.

"Mwanangu mkubwa, yupo. Mwanangu mdogo, yupo." Mkono ulikaa begani kwa mdogo muda mrefu. "Chiriku, yupo, na mdomo umejaa tayari."

Kisha akasukuma sahani ya mwisho kuelekea mlangoni alikoketi muuguzi, bila kuinua macho.

"Na muuguzi," akasema. "Yupo."