Jicho la Kushoto

Foleni ya benki ilikuwa imefika mlangoni siku kinyozi alipomnyooshea fundi cherehani kitambaa cheupe chenye kunukia marashi.

"Pole, dada. Aliyekuliza hana haya."

"Ni vumbi tu, kaka," akajibu mrembo yule, gauni la njano limemkaa sawasawa.

"Vumbi gani linalochagua jicho la kushoto peke yake?"

Akacheka, na mapenzi yakaanzia hapo. Simu asubuhi, simu jioni, "mpenzi umekula?", "laazizi umelala?" Binti akaendelea kung'ang'ania vumbi lake, maana aliona aibu kusema kwamba njia ya machozi imeziba na jicho linavuja mwaka mzima kama bomba bovu. Nani anataka kuitwa mgonjwa na kijana mtanashati vile?

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Kwenye harusi ya mteja wake alisimama nyuma ya bibi harusi akirekebisha shela, jicho likibubujika machozi. Wambea wakapata kazi. Kesho yake saluni nzima ilijua kwamba fundi alikuwa akimlilia bwana harusi.

"Ulikuwa unalia nini?" kinyozi akauliza kwenye simu.

"Vumbi, mpenzi..."

"Vumbi ukumbini, juu ya zulia? Haya."

Akakata. Binti akapiga tena na tena, hapokelewi. Roho ilimuuma hasa.

Shangazi yake ndiye aliyemkokota hospitali. Daktari akamtia ganzi, akapitisha mrija mwembamba kwenye kitundu cha pembe ya jicho, akaipanua njia kwa kipira kidogo kinachovimbishwa, bila kumchana uso. Kisha akasukuma maji ya chumvi.

"Unayasikia?"

Aliyaonja kooni. Njia ilikuwa imefunguka.

Alipopona, akavaa lile gauni la njano akaingia saluni mbele ya wateja wote.

"Nilikudanganya. Halikuwa vumbi, yalikuwa maradhi, nikaona haya kukwambia. Nimeshatibiwa. Nitazame."

Kinyozi akazima mashine, mteja wake kanyolewa nusu kichwa. Jicho lilikuwa kavu.

"Na yule bwana harusi?"

"Hata jina lake nililisoma kwenye kadi!"

Wateja wakaangua kicheko. Kinyozi akainamisha kichwa.

"Nisamehe, laazizi. Nimesikiliza wambea nikakuacha wewe. Na mama nilishamwahidi mkwe. Utakubali nikuoe?"

Machozi yakaanza kumtiririka binti.

"Mungu wangu, limeziba tena!" kinyozi akamaka, akipapasa mfukoni kutafuta kitambaa.

"Tazama vizuri, bwana," akasema mteja wa nusu kichwa. "Leo analia kwa yote mawili."