Aliyekwenda Ukweni na Kikombe Chake

Upepo wa Singida mwezi wa saba haujali cheo cha mtu. Unapita kwenye koti, kwenye sweta, unakwenda kukaa kwenye mifupa. Sasa wafanyakazi wa mji huu wamejipatia dawa yake, vikombe vya stili vya kutunza joto. Ukipita stendi asubuhi utadhani wote wanakwenda mwezini. Karani ana kikombe, mwalimu ana kikombe, hata yule ambaye ofisi yake iko hatua chache kutoka kitandani kwake ana kikombe. Wengine wameweka ndani maji ya uvuguvugu yaliyopitia majani ya chai ya juzi, lakini wanavyokikumbatia kifuani, ungedhani ni mtoto wa kwanza baada ya miaka ya kuhangaika.

Amosi alikuwa bado hajapata chake, na jambo hilo lilimuuma. Alifanya kazi ya mauzo katika kiwanda kimoja cha mafuta ya alizeti kule Iguguno, akienda asubuhi na kurudi jioni. Alizaliwa mjini, akakulia mjini, akajiona mji wote ni wake. Jumamosi ile aliingia duka la vyombo la Amne, sokoni, amevaa shati jeupe la kubana, suruali iliyokomea juu ya kifundo, na viatu vinavyong'aa bila soksi. Katika baridi ile! Mapambo mengine ni adhabu ambayo mtu anajipa mwenyewe.

Duka lilikuwa limejaa. Wanawake waligombea masufuria, redio ilipiga kelele, na harufu ya vitunguu ilikuwa ikiingia kutoka nje. Amosi akanyoosha mkono juu ya vichwa vya watu, akachukua kikombe cha rangi ya dhahabu kilichoandikwa BOSS.

"Nataka hiki," akasema kwa sauti ya kutosha watu watatu kugeuka.

"Kinavuja," akasema mwanamke aliyekuwa nyuma yake.

Amosi akageuka. Alikuwa msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa gauni la kitenge la rangi ya chungwa na sweta jeusi, nywele kasuka twende kilioni. Alikuwa mzuri, tena alijua. Alikuwa akimtazama Amosi jinsi mtu anavyotazama nyanya iliyooza upande mmoja.

"Umejuaje, na hujakigusa?"

"Kitu kinachofanya kazi hakihitaji kujiandika bosi. Dada Amne, naomba maji ya moto."

Amne, mwenye duka, alikuwa na birika kwenye jiko pale dukani kwa ajili ya kujaribia vikombe. Alikuwa mwanamke mfupi aliyewadharau wateja wote kwa usawa, bila kubagua dini wala kabila. Akamimina maji, akafunga mfuniko, akampa yule msichana. Msichana akakipindua juu ya kiatu cha Amosi.

"Yesu wangu!" Amosi akaruka.

"Nilikwambia. Unafanya kazi wapi?"

"Iguguno," akajibu akijipangusa kifundo. "Kila siku naenda narudi."

"Mimi Mtinko, ndiko kwetu, nafundisha sekondari. Kwa hiyo nisikilize. Chukua chenye mfuniko wa kuzungusha, si wa kubonyeza. Ndani ya mfuniko kuwe na mpira. Mdomo uwe mpana mkono uingie, la sivyo kitaanza kunuka kama soksi, ambazo naona wewe huna. Na ukimimina maji ya moto, kishike kwa nje. Kikikuunguza, ujue ni bati tu lililopakwa rangi."

Akachambua rafu kama anachambua mchele, akatoa viwili vya kijani kilichofifia, havina hata ua.

"Mbona kibaya hivi?" Amosi akalalamika.

"Kibaya lakini hakivuji. Ulishawahi kuwa na kitu kama hicho?"

Amne akacheka kwa pua. Amosi akanunua kimoja, msichana akachukua cha pili, na kabla Amosi hajatoka mlangoni alikuwa ameshaomba namba ya simu. Damari, maana ndilo jina lake, alimpa akijiambia ni kwa ajili ya kumhurumia. Watu hujidanganya hivyo kila siku, na walimu hawajaachwa nyuma.

Jumatatu, wakati wa mapumziko ya saa nne, simu yake ikaita.

"Bado ya moto," Amosi akasema bila hata salamu.

"Nini?"

"Chai. Nimeimimina alfajiri, bado inatoa moshi. Mwalimu, wewe ni nabii."

"Na wewe ni mshamba."

"Mshamba wako?"

"Ngoja kwanza nikague madaftari."

Hakukagua kitu. Alikaa na kikombe chake mkononi, anacheka peke yake, walimu wenzake wakamtazama. Tangu hapo simu ya saa nne ikawa kama kengele ya shule. "Bado ya moto, mpenzi?" "Bado, mama. Na moyo je?" "Huo sijaufunga mfuniko, angalia usimwagike." Maneno ya namna hiyo, ambayo ukiyasikia kwa mwingine unataka kutapika. Jumamosi jioni walitembea mjini kando ya ziwa Kindai, upepo ukipeperusha gauni, vikombe viwili vibaya vya kijani vikigongana kwenye mfuko mmoja. Walipendana kwelikweli. Nasema hili waziwazi kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya usiamini.

Alizeti za mwisho zilipovunwa, Damari akasema, "Mpenzi, nyumbani wanataka kukuona. Mama, na baba mkubwa Alute."

Baba yake Damari alikuwa amefariki, na neno la mwisho juu ya ndoa yake lilikuwa kwa hao wawili. Wakisema hapana, hapana. Damari asingetoroka na mtu, na alikuwa amemwambia Amosi hivyo.

"Mama yako anapenda mtu wa aina gani?"

"Anayetunza kitu alichopewa," Damari akasema, akijichekea.

Kosa la kwanza ndilo hilo, na ni la Damari. Alimwambia mtu mwenye akili nyepesi maneno mepesi, akanyamazia lililo zito. Katika ukoo wao, mposaji akija, mama anapika uji wa uwele, anauonja, kisha msichana mwenyewe anampelekea mgeni kwenye kata ya kibuyu. Mgeni anaipokea kwa mikono miwili na kuimaliza. Ikishaisha, wazee wanaanza kuzungumza. Damari hakumweleza kwa sababu alidhani kila binadamu anajua. Aliyekulia kijijini akapata diploma ana kiburi chake pia.

Amosi akaja Mtinko, nyumbani kwa kina Damari, na suti ya bluu, tai nyekundu, viatu bila soksi. Na mkononi, jamani, kikombe cha kijani kimejaa chai.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema mama, Luciana, mwembamba, khanga mpya begani. Mzee Alute akaitikia huku macho yake yako kwenye kile kikombe.

Wakakaa sebuleni. Damari akatoka jikoni na kata imejaa, inafuka moshi. Akapiga magoti mbele ya Amosi, akanyoosha mikono.

"Aa, asante mpenzi, mimi ninacho changu," Amosi akasema, akatabasamu, akazungusha mfuniko. Akanywa funda moja. Kisha akainuka, akakisogeza kile kikombe, chenye mate yake, hadi puani kwa Luciana. "Mama, onja hii! Nimeimimina alfajiri mjini. Mwanao ndiye aliyenichagulia. Angalia moshi!"

Mkwe hamnyweshi mkwe kwenye chombo alichotia mdomo. Hata mbuzi wa Mtinko wanalijua hilo. Luciana akageuza uso ukutani. Mikono ya Damari ilikuwa bado hewani na kata.

"Huyu," Mzee Alute akauliza polepole, "amekuja kuposa au kufungua hoteli?"

Akaongeza maneno ya Kinyaturu ambayo siwezi kuyaandika hapa. Luciana akainuka, akaichukua ile kata kutoka mikononi mwa binti yake, akaifunika kwa sahani, akairudisha jikoni. Hakukuwa na mazungumzo tena. Amosi alirudi mjini bila kujua alichokosea, na chai yake, kwa taarifa yenu, ilikuwa bado ya moto.

Usiku huo walipigiana simu.

"Kwenu mnamkataa mtu kwa sababu ya kikombe?" Amosi akafoka.

"Kwetu tunamkataa mtu anayekuja na chai yake kama anakwenda kumwangalia mgonjwa hospitali!"

"Wewe ndiye uliyesema mama anapenda mtu anayetunza kitu!"

"Nilisema utunze, sikusema ukitembeze! Unajua nilipiga magoti mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani mwangu? Unajua uliniacha vipi?"

"Sikuwa na kiu, Damari."

"Basi kaa bila kiu."

Akakata. Akamfungia namba. Chake cha kijani akakigeuza chombo cha kuwekea vijiko, na asubuhi akawa anakunywa chai ya shuleni, iliyopoa na yenye utando juu. Saa nne ilipofika alijifanya hatazami simu. Aliumia, na aibu ilizidi maumivu, kwa hiyo akachagua kumdharau Amosi. Dharau ni rahisi kubeba kuliko huzuni, lakini haileti usingizi. Amosi naye alijiona ameonewa na washamba. Akaongea hivyo kiwandani hadi wenzake wakaanza kumkwepa.

Wiki zikapita. Jumamosi moja Amosi akaingia dukani kwa Amne.

"Dada, nataka kubadilisha hiki. Nipe kile cha dhahabu."

"Kinachovuja?"

"Afadhali kivuje. Hiki kimeniletea nuksi ukweni." Akamsimulia yote, kwa sauti ya mtu anayetegemea kuonewa huruma. Alikuwa amekosea duka.

Amne akaacha kufuta sufuria. "Kaka, rudia hapo. Msichana alipiga magoti na kata, wewe ukafanya nini?"

"Nikamwambia ninacho changu."

"Ukamwacha binti wa watu na kata mikononi mbele ya mama yake."

"Sikujua kama ilikuwa na maana!"

"Mkono wako ungekuwa mtupu ungeipokea hata bila kujua. Mtu anayekwenda kuomba anakwenda mikono mitupu. Mimi si Mnyaturu, ni Muislamu wa Manyoni, na najua. Wewe umesoma wapi?"

Amosi akakirudisha kikombe mfukoni. Alikumbuka ile mikono miwili myembamba, imebeba uzito wa uji, na yeye anahangaika na mfuniko. Uso ukamwaka moto.

"Nifanye nini, dada?"

"Nunua soksi," Amne akasema. "Kisha nenda."

Siku ya pili yake Damari alikuwa kanisani. Amosi alifika kwa Luciana amevaa shati la kawaida na soksi za kijivu, hana begi, hana zawadi, hana kitu. Mzee Alute alikuwa amekaa mlangoni, anapukuchua alizeti.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo hoteli imefungwa?"

"Imefungwa, mzee." Amosi akachuchumaa. "Mama, niliikosea nyumba yako. Nimekuja na kiu. Kama kuna uji, naomba. Kama hakuna, nitakaa hapa hadi upikwe."

Luciana akainuka. Akaingia jikoni. Akatoka na uji umetoka kuchemka, akautia kwenye kata hadi ukingoni, akamwekea mkekani. Hakungojea upoe. Alitaka kuona.

Amosi akaunywa ukiwa moto vile vile. Machozi yakamtoka, ulimi ukababuka, hakuitua kata. Alipomaliza Luciana akajaza tena, Mzee Alute akaacha alizeti ili aone vizuri. Kuna watu wanalipia kiingilio kwa burudani ndogo kuliko hiyo.

Damari aliporudi, Biblia kwapani, gauni jeupe limejaa vumbi la njiani, alimkuta hapo. Akasimama uani.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anakunywa," akasema baba mkubwa. "Tangu asubuhi anakunywa. Nadhani ni mgonjwa."

"Kikombe chako kiko wapi, Amosi?" Alitaka sauti yake iwe ya dharau, na ilianza hivyo, lakini katikati ikamsaliti.

Amosi akajaribu kujibu. Ulimi ulikuwa umevimba. "Nimekiacha nyumbani," akasema, maneno yakitoka kama ya mlevi. "Cha kwendea kazini. Kwenu nilitakiwa nije mikono mitupu. Sikujua, Damari. Ungeniambia. Lakini pia ningetazama mikono yako, ningejua."

Hasira aliyoibeba Damari wiki zote ilimtoka akiwa amesimama pale pale, na chini yake alikuta kile alichokuwa anakikimbia: alikuwa amemkumbuka mjinga huyu kila siku saa nne. Na kumbe hata yeye hakumwambia habari ya kata.

"Nilipaswa kukwambia," akasema taratibu. "Ni kweli. Nisamehe na mimi."

Kata ilikuwa tupu mkekani. Luciana akaichukua, akaijaza, akaonja kidogo ukingoni. Halafu, bila kumtazama mtu, akamnyooshea binti yake.

"Mwongezee," akasema.

Damari akaweka Biblia chini. Akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake jeupe, akanyoosha kata. Amosi akatazama ule uji unaofuka moshi, akameza mate kwa uchungu, akanyoosha mikono yake yote miwili, akaipokea.

Mzee Alute akajipangusa maganda ya alizeti mapajani, akavuta kigoda chake karibu.

"Haya," akasema. "Sasa tuzungumze."