Baki Hasi Tatu

Saa mbili asubuhi, mwenye karakana aliwasha mashine yake ya kutafuta vigawo, akaiuliza kama kumi na mbili inagawanyika kwa tatu. Kioo kikajibu: nne, baki hasi tatu. Mama wa watu alifungua kifuniko, akakuta bodi ngeni ya saketi. Yake ilikuwa imeibwa.

Funguo zililala kwa mtoto wa kaka yake, fundi mwenzake. Kufika adhuhuri kijana alikuwa na pingu.

"Shangazi, niibe ili iweje? Karakana umeshasema utaniachia."

"Labda umechoka kusubiri," alijibu shangazi.

Mpelelezi, mwanamke mwenye maneno machache, hakuridhika. Mkuu wake alitaka kijana afikishwe mahakamani kesho, lakini yeye akishashika jambo haliachii. Mwizi wa kawaida hubeba akaenda zake. Huyu alikaa akaunda bodi nyingine kuziba pengo. Basi ni fundi, na kila fundi ana mkono wake, kama mpishi.

Akaijaribu mashine. Kumi na tano kwa tatu: tano, baki sifuri. Kumi na nane kwa tatu: sita, baki hasi tatu tena. Jibu likiwa witiri, mashine haina neno. Likiwa shufwa, baki linazama chini ya sifuri.

Alasiri alimwita mbia wa karakana, waliyezoea kumwita Mbio, akamketisha na kijana, kila mtu na meza yake.

"Gawanyeni kumi na mbili kwa tatu, mkiandika kwa sifuri na moja tu, kama saketi zenu zinavyofanya."

Kijana alitoa tatu; jibu likizama chini ya sifuri, alirudisha alichokitoa ndipo akasogea tarakimu inayofuata. Taratibu akafika: nne, baki sifuri. Kwa njia yake, baki haliwezi kuwa hasi.

Mbio alicheka. "Huyu kila akijikwaa anarudi nyumbani. Mimi nikizama nasonga mbele, hatua inayofuata najumlisha badala ya kutoa." Akaweka kalamu. "Nne."

"Na baki?"

"Hasi tatu. Lakini usijali, kwenye bodi hujirekebisha lenyewe."

"Una hakika?"

"Bodi zangu zote hufanya hivyo."

Shangazi, aliyekuwa akiwatazama kando, akavuta kiti. "Halijirekebishi. Ukiishia chini ya sifuri, unajumlisha kigawo mara moja ya mwisho. Hatua hiyo hukuijenga hata siku moja. Nilikuwa naiongeza mimi, ukishaondoka."

Mbio aliisukuma karatasi yake kando. "Ile niliyoiweka niliijaribu kwa kumi na tano tu," alisema. "Ikakubali."

"Ya kwangu iko wapi?"

"Kabatini kwangu. Ufunguo wangu wa zamani bado ninao. Tulianza na meza moja, mimi na wewe. Kisha karakana unampa mtoto wa juzi. Nilitaka nianze yangu, na mashine ile iwe ya kwanza." Akairudia karatasi. "Mbona hukuniambia kosa langu?"

"Sikutaka kukuaibisha."

Mpelelezi alimfungua kijana pingu, akamfunga Mbio. Shangazi alisimama mbele ya mtoto wa kaka yake, mikono haijui pa kwenda.

"Nisamehe, mwanangu."

Kijana alikuwa akijisugua vifundo vya mikono. "Yeye alikosea miaka yote, ukamsitiri. Mimi hukuniuliza hata mara mbili."

"Najua."

"Nitakusamehe, Shangazi," alisema. "Lakini si leo."