Shimo la Kidole Gumba

Doreen wa Kinyala alikuwa na kichwa, hilo hatumbishii. Kijiji kizima kilishatangaziwa kwamba ni daktari mtarajiwa, na ambaye hakusikia basi alikuwa kiziwi. Likizo ile alirudi nyumbani kujisomea mtihani wa mwisho wa chuo: afya ya wanawake, uzazi, magonjwa ya zinaa, yote. Msomi wetu anakaa jikoni na kitabu, anasoma kwa sauti, kaswende, kisonono, kutokwa damu kabla ya kujifungua, mpaka baba yake anahamia kwa ng'ombe kwa aibu.

Kusoma bila mgonjwa, alisema, ni kujifunza baiskeli kwenye kalenda. Akajipatia mgonjwa: Atupakisye, mke wa jirani, mimba yake ya kwanza imeshakuwa kubwa. Kila asubuhi alikuja kwa kupitia migombani, kanga imemfunika uso, maana kwenye njia ya mbele hukaa baba mkwe wake, na kwa mila za kwetu mkwe wa kike hakutani naye uso kwa uso.

"Ugonile, dokta," Atupakisye alimsalimia kwa utani. "Leo unanifinya wapi?"

"Tulia wewe. Tumbo lako ndilo litanifaulisha."

Asubuhi moja akaja amevimba uso. Kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli. Doreen akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipoachia, shimo likabaki. Nyama haikurudi.

Moyo wa Doreen ukaruka. Kwa furaha, jamani! Dalili zote za kitabuni, juu ya mkeka wa mama yake. Alijua kabisa kwamba kifafa cha mimba kinanyemelea, na huyu ni wa kukimbizwa hospitali Tukuyu sasa hivi. Lakini wakimlaza, kesho Winfrida, mwenzake wa chuo anayekuja kutoka Msasani, ataonyeshwa mgonjwa gani?

"Uchovu tu huo," akasema. "Kapumzike. Kesho uje, usikose."

"Nitakuja. Ndaga, asante, dada."

Jioni ile ile Atupakisye alikufa kwa kifafa hicho, ulimi ameung'ata, mtoto tumboni.

Msibani wakanong'ona kuwa amelogwa. Nani? Bibi Ndimyake, mjane wa ng'ambo ya kijito, aliyempelekea uji mchana. Uji huo! Ahame, wakasema, kabla hajafukuzwa kwa mapanga. Doreen alikuwa anamenya ndizi na wanawake wenzake. Alisikia kila neno. Akaendelea kumenya.

Baada ya mazishi akafungua kitabu. Akasoma kwa sauti, lakini sauti yenyewe ilikuwa ndogo:

"Mjamzito anaumwa kichwa, anaona vimulimuli. Utafanya nini?"

Nje migomba ikatikisika. Upepo haukuwepo. Ukungu ulikuwa umetulia tuli.

"Si ulisema nije," mtu akanong'ona mlangoni.

Doreen hakugeuka. Nyuma yake mkeka ukalia, kama unavyolia mtu mzito akikaa.

"Waambie uji haukuwa na kitu."

"Nikisema, chuo kitanifukuza," Doreen akanong'ona. "Nimalize mtihani kwanza. Kesho. Nitasema kesho."

"Kesho," sauti ikakubali.

Kidole kikamgusa ugoko. Baridi. Kikabonyeza. Kikaachia.

Alipogeuka, hapakuwa na mtu. Mkeka ulikuwa umebonyea katikati.

Kesho yake alisema kesho. Na asubuhi iliyofuata pia. Kila asubuhi migomba ilitikisika, mkeka ukalia, kidole kikarudi pale pale. Mwisho Bibi Ndimyake akapita barabarani na godoro lake kichwani, mvua inamnyeshea. Alimwona Doreen dirishani.

"Ukafaulu, mwanangu," akamwombea.

Alifaulu, tena sana. Swali la kifafa cha mimba lilitoka, akalijibu lote, neno kwa neno.

Siku hizi ni daktari, koti jeupe, simu kubwa. Wajawazito wanamsifu: mguu ukivimba kidogo tu, hakwambii kesho. Ila Bibi Ndimyake hajarudi Kinyala, na Doreen hajamwambia mtu. Huvaa soksi ndefu hata jua likiwaka. Mguu wake ni mwembamba, haujavimba hata chembe, na vipimo vyote alivyojipima ni safi. Lakini katikati ya ugoko lipo shimo, saizi ya kidole gumba cha mwanamke.

Kila asubuhi huchungulia. Nyama haijarudi. Na ukiligusa, ni kama limebonyezwa sasa hivi.