Makombo ya Baraza

Kitabu kilikuwa kinatoa jasho. Nkirote alikifuta, akageuka kuwasha kompyuta. Alipokirudia, jalada lilikuwa limelowa tena, na vidole vyake vikanata kana kwamba ameshika ngozi mbichi ya nguruwe.

Ilikuwa saa nne asubuhi, katika ghala la chini la ofisi ya mji, kwenye kitongoji kimoja nje ya Minneapolis. Kazi yake ilikuwa kunakili kumbukumbu za vikao vya kale, ili watu wajue mji wao ulianzaje. Ulianza kwa uchafu. Wajumbe saba walikubali kupokea makombo ya jiji kubwa, wakayamwaga kwenye kinamasi walikozikwa maskini bila sala. Nguruwe wakaletwa kula. Wakafukua makaburi. Wajumbe wakaandika kwamba wananenepa vizuri, na Krismasi wakagawana nyama.

Mlango ukagongwa.

"Hodi, Mama Keziah."

Huku Marekani nani hupiga hodi? Lakini ulimi una mazoea yake, na sauti ilikuwa ya Wanjala, mumewe, aliyezikwa mwezi Machi.

"Karibu," akasema, kabla moyo haujamkanya.

Mlango haukufunguka. Iliingia harufu tu, ya mafuta yaliyochacha na nywele zilizooza. Kitabuni, chini ya majina saba ya waliohudhuria, wino mbichi uliandika la nane: Wanjala. Wanjala, aliyeoga mara mbili kwa siku hata saratani ilipokuwa ikimmaliza!

Tangu hapo kitu kilikaa nyuma ya kiti chake, kikitafuna, kikiomba kupelekwa nyumbani. Nkirote alimweleza Mzee Solomon, mzee wa kanisa lao na mjumbe wa baraza la mji huo. Hakutaka kingine, alisema, ila jina la mumewe litoke kwenye uchafu ule, apumzike.

Solomon akafungua kalenda ya vikao. "Jini hilo limejiandikisha kikaoni, dada. Tutalitoa kwa kikao."

Jumamosi adhuhuri, jua likimeta juu ya theluji, wakaketi wawili katika ukumbi wa baraza, kitabu kikiwa wazi mbele yao. Wakasali. Nkirote akatoa hoja: jina la Wanjala lifutwe. Solomon akaiunga mkono. Wino ukaanza kufifia, harufu ikalegea, na Nkirote, aliyekuwa hajavuta pumzi kamili tangu mazishi, akaivuta.

"Wanaoafiki?"

"Naafiki," akasema Nkirote.

"Naafiki," akasema Solomon; kisha, kwa mazoea ya miaka mingi ya vikao, bila kufikiri, huku Nkirote akinyoosha mkono kumziba mdomo na asimfikie, akauliza, "Wanaopinga?"

Viti vya wajumbe vikalia kimoja baada ya kingine, kama vinavyolia watu wazito wakikaa, na ngozi ya viti hivyo ikatokwa na mafuta ya manjano yaliyochuruzika hadi kwenye zulia, na midomo isiyoonekana ikaacha kutafuna ili ijibu, sauti saba nzito za wazee walioshiba, na ya nane, ya upole, ile iliyokuwa ikimwamsha kwa chai:

"Hoja imeanguka, Mama Keziah."