Kijiko cha Bibi

Giza lilikuwa linaanza kuingia Nyokabi aliposhuka basi mtaani Kingstanding, huku ughaibuni, chupa ya uji kwapani. Alikuwa ametoka zamu, miguu inamwaka moto, lakini wifi yake Fiona alikuwa amekataa kulishwa na mtu mwingine.

Chumba cha Fiona kilinuka dawa... na moshi wa kuni, kama jikoni kwa marehemu mama mkwe. Kuni, katika nyumba ya umeme.

Fiona alilala akitetemeka kuanzia kichwa hadi vidole. Madaktari walisema ni ugonjwa wa nadra unaotoboa ubongo, hauna tiba. Walimuuliza tena na tena alikula nini utotoni.

"Niliwadanganya," Fiona alinong'ona.

"Kunywa uji kwanza."

"Wewe na uji wako! Nakufa, nisikilize. Kwetu bibi akifa, wasichana hulambishwa ubongo wake. Kijiko kimoja. Ili asilale peke yake kaburini. Nyinyi mlioolewa kwetu hamwambiwi."

Mkono wa Nyokabi ulisimama hewani.

Mama mkwe alifariki mwaka jana. Nyokabi alinyimwa likizo kazini, kwa hiyo binti yake Beverly alikwenda mazishini na shangazi huyu huyu.

"Fiona. Ulimpa mtoto wangu?"

Kitanda kiligonga ukuta... ko, ko, ko.

"Nilimwekea mdomoni. Kama alimeza, sijui... Muulize."

Nyokabi hakuaga. Ndani ya basi maneno ya daktari yalimrudia: ugonjwa huu unaweza kunyamaza mwilini miaka na miaka.

Nyumbani, mtaa wa Aston, mumewe Derrick alikuwa bafuni. Beverly alikuwa jikoni na vitabu vyake vya shule. Nyokabi alimshika mabega.

"Siku ya kumzika bibi, shangazi alikuwekea kitu mdomoni. Ulimeza?"

Mtoto alimtazama sana.

"Nilitema," alijibu taratibu. "Nikasukutua. Usiwe na wasiwasi."

Nyokabi alimkumbatia, akafuta machozi haraka. Watu watakula nini? Akachukua kitunguu, akaanza kukata.

Kisha akasimamisha kisu.

Beverly amezaliwa huku huku ughaibuni. Kiswahili anakielewa, lakini tangu ajue kusema hajawahi kumjibu mama yake ila kwa Kiingereza. Jibu la sasa hivi lilikuwa la Kiswahili.

Nyuma yake, kiti kilisogezwa... polepole.

"Kata vidogo, Mama Beverly. Mwanangu Derrick hapendi vikubwa hivyo."